Weusi Usiochuja

Mkanda ulirudi siku ya Jumatatu, umeviringishwa kwenye gazeti, na mwenyewe hakutaka hata kukaa. Jumamosi alikuwa ameuvaa harusini kwa mdogo wake, kule Nkwenda, juu ya suruali nyeupe. Ukumbi una joto, watu wanacheza, jasho linatiririka. Kufika saa nne usiku kiuno chote kilikuwa cheusi. "Fundi, umenivika masizi," akaniambia. Nakshi hakuilaumu. Ng'ombe watano wa pembe ndefu, wamefuatana kama wanaelekea mtoni, nimewagonga mmoja mmoja kwa patasi na nyundo ya mti. Kilichomkera ni rangi.

Nashona ngozi hapa Kimuli tangu sisi bado ni Wilaya ya Karagwe, kabla Kyerwa haijamegwa mwaka 2012. Wateja hawapendi kusikia hili, lakini kasoro inayoonekana mwishoni mara nyingi imeanzia mbali. Mkanda ule niliupaka rangi ya dukani mara tatu ili uwe mweusi tii, kisha nikaufunika kwa nta upesi upesi kwa sababu mwenyewe ameshasimama mlangoni. Rangi iliyozidi haikuwa na pa kuingia. Ikakaa juu, ikingoja jasho.

Usiku ule nilimkumbuka bibi yangu mzaa baba, aliyezaliwa enzi za Mjerumani. Alikuwa na ngozi moja ya ng'ombe ya kutandika, nyeusi kama chungu, laini hata ukiikunja haipigi kelele. Nilipokuwa mdogo nililalia ngozi ile na shuka jeupe, na shuka halikupata hata doa. Alinieleza alivyoifanya: magome yamechemshwa, ngozi imelowekwa siku kadhaa, halafu ikasuguliwa tope jeusi la bondeni, kisha samli, kisha mikono na miguu mpaka ilainike. Sikumwuliza maswali ya kutosha. Akili yangu ilikuwa kwenye viatu vya kiwandani vya Bora.

Nchi hii ya Karagwe ilikuwa ya ng'ombe na ya chuma. Novemba 1861, wasafiri wa Kizungu Speke na Grant walipofika kwa mfalme wake, Mukama Rumanyika, walikuta ufalme ambao wake wa wakubwa wananeneshwa kwa maziwa. Speke alimpima mmoja wao akashangaa. Grant alibaki Karagwe miezi kadhaa kwa sababu ya kidonda cha mguu. Msafiri mwingine, Stanley, alikuja mwaka 1876 akaonyeshwa nyumba ya hazina ya mfalme, yenye ng'ombe wadogo waliofuliwa kwa chuma na shaba. Mimi nikiwagonga ng'ombe wangu watano kwenye mkanda huwa nawafikiria wale. Mkulima alivaa zaidi lubugo, nguo ya gome la mti. Mfugaji alivaa ngozi iliyolainishwa kwa samli. Maziwa yalikuwa mengi, kwa hiyo na mafuta ya kulainishia yalikuwapo.

Mambo yalibadilika kwa njia mbili. Kwanza ni Kafuro, kituo cha wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliotoka Unyanyembe kufuata pembe za ndovu. Walileta shanga na nguo, na merikani, ile nguo ya pamba, haihitaji kukunwa wala kupakwa samli. Halafu miaka ya 1890 sotoka ikaua ng'ombe Afrika Mashariki nzima. Nyumba isiyo na ng'ombe haina samli ya kuchezea.

Njia ya pili ndiyo iliyotuumiza sisi mafundi. Wajerumani walianzisha kituo Bukoba mwaka 1890. Reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwaka 1901, meli za ziwani zikapata mahali pa kupeleka mzigo, na ngozi za ng'ombe na mbuzi zikawa miongoni mwa bidhaa kubwa za kutoka Bukoba, pamoja na kahawa. Hapo ndipo ngozi ilipoacha kumaliziwa nyumbani. Kazi ya mwenye ng'ombe ikawa kuchuna, kuwamba, kukausha na kuuza. Mpaka leo hapa kwetu kila mtu anajua kuwamba ngozi. Anayejua hatua inayofuata simwoni.

Hatua hiyo ikahamia viwandani. Njombe ilianzishwa mwaka 1949 kampuni ya muwati, mti ambao magome yake yanatoa tanini ya kusindikia ngozi. Baada ya uhuru serikali ikaweka viwanda vya ngozi Morogoro, Moshi na Mwanza. Kiwanda cha viatu cha Morogoro, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kilikusudiwa kutoa pea milioni 4 kwa mwaka, hakikukaribia hata robo. Lakini ngozi nyingi ya kiwandani duniani husindikwa kwa kromu, si kwa magome, na fundi wa nakshi asiyeitambua atalia. Ikate: ubavuni utaona rangi ya kijivu inayoelekea buluu. Ilowanishe, igonge mhuri, rudi baada ya saa moja: alama imejaa, kama umegonga godoro. Ngozi ya magome ikiwa na unyevu hushika alama na kuitunza. Mafundi wa Siyu, kule kisiwa cha Pate, waliosifika karne ya 19 kwa makubadhi, wasingefika popote na kromu.

Basi jawabu la mkanda wangu lilikuwa limelala kwenye kosa jingine nililokuwa nikilichukia. Ngozi ya magome, kama ya mkanda ule, ikiwa imelowa maji na ukaiwekea msumari au mkasi wenye kutu, inapata doa la buluu nyeusi. Tanini imekutana na chuma. Miaka mingi nimekuwa nikiyafuta madoa hayo kwa maji ya ndimu, napaka, nangoja, nasuuza. Nikajiuliza: tope la bibi lilikuwa na nini, kama si chuma? Doa langu na rangi yake ni kitu kimoja.

Nikachukua rubisi, pombe yetu ya ndizi, iliyochacha hadi ikawa siki, nikatumbukiza misumari yenye kutu kwenye chupa, nikaacha kizibo kimelegea maana inatoa hewa. Baada ya wiki mbili nikachuja kwa kitambaa. Mkanda wenyewe niliuosha kwa spiriti na kitambaa mpaka kitambaa kikawa hakichafuki tena. Nta yote ikatoka na rangi nyingi ya juu. Kisha nikapaka ile siki. Kwanza ni kijivu, unadhani umeharibu. Dakika chache baadaye ng'ombe wote watano wakawa weusi, weusi wa ndani.

Jaribio la kwanza, kwenye kipande cha pembeni, nilikosea: sikuisuuza siki, na baada ya muda kipande kilipasuka kwenye mkunjo kama jani kavu la mgomba. Siki ikiachwa inaila ngozi. Sasa nafuta kwa maji yenye magadi kidogo, nasuuza, nakausha kivulini siku nzima, ndipo napaka mafuta kidogo, na nta ya nyuki mwisho kabisa. Samli siitumii tena. Baridi ya Juni ikija inatoka juu ya ngozi kama unga mweupe na mteja anasema ukungu. Ukitaka kujua, isogeze karibu na jiko: mafuta yanayeyuka na kupotea, ukungu unabaki na harufu yake.

Mwenye mkanda alirudi baada ya wiki tatu. Akatoa leso nyeupe mfukoni, akailowanisha kwa mate, akasugua mgongo wa ng'ombe wa katikati kwa nguvu zote. Akaitazama leso, akaikunja, akauvaa mkanda palepale. Gharama ya suruali tuligawana nusu kwa nusu.

Kama na wewe una mkanda unaochuja, ulete. Ila tafadhali usiupake kiwi kwanza.