Isao Takahata: Mwelekezi wa vibonzo asiyechora

Isao Takahata, mmoja wa waasisi wa kampuni ya filamu za vibonzo ya Studio Ghibli nchini Japani, alizaliwa Oktoba 29, 1935 mjini Ise. Tofauti na waelekezi wengi wa fani hiyo, yeye hakuwa mchoraji. Aliwaeleza wachoraji alichokitaka, nao wakakitia katika picha.

Mnamo Juni 29, 1945, akiwa na umri wa miaka tisa, ndege za kivita za Marekani ziliuteketeza mji wa Okayama alikoishi. Takahata na dada yake walitoroka moto huo wakiwa wametengana na jamaa zao, ambao walikutana nao baadaye.

Alisomea fasihi ya Kifaransa katika Chuo Kikuu cha Tokyo, na alipohitimu mwaka wa 1959 alijiunga na kampuni ya Toei. Filamu yake ya kwanza ndefu, Horus, ilitolewa mwaka wa 1968 lakini haikufua dafu kimapato. Aliihama Toei mwaka wa 1971. Sifa zake zilienea kupitia Heidi, mfululizo wa televisheni wa vipindi 52 ulioonyeshwa kuanzia 1974.

Baada ya Studio Ghibli kuasisiwa mwaka wa 1985, Takahata na mwenzake Hayao Miyazaki ndio waliokuwa waelekezi wake wakuu. Miaka mitatu baadaye alitoa Hotaru no Haka, yaani Kaburi la Vimulimuli, iliyotokana na hadithi ya mwandishi Akiyuki Nosaka. Filamu hiyo yahusu kijana Seita na dadake mdogo Setsuko, wanaofiwa na mama yao katika mashambulizi ya Kobe na hatimaye kuangamia kwa njaa.

Wengi waliichukulia kuwa filamu ya kupinga vita, lakini Takahata hakukubaliana nao. Alishikilia kwamba masaibu ya watoto hao yalitokana pia na hatua ya Seita ya kujitenga na jamii. Hata hivyo, kumbukumbu za Okayama zilimsaidia kuonyesha jinsi mabomu ya moto yalivyoanguka.

Filamu yake ya mwisho, kuhusu Binti Mfalme Kaguya wa ngano za kale, ilitolewa mwaka wa 2013 na kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar.

Takahata alifariki jijini Tokyo Aprili 5, 2018, akiwa na umri wa miaka 82, baada ya kuthibitisha kuwa vibonzo si vya kuchekesha watoto pekee, bali vyaweza pia kubeba majonzi ya watu wazima.