Nguzo 22 za Namugongo

Nilishuka taksi pale Kyaliwajjala, nikamalizia safari kwa miguu, kama wafanyavyo mahujaji kila Juni 3. Mimi nilikuwa nazifuata nyayo za msanifu majengo kutoka Uswisi, Justus Dahinden.

Namugongo ndipo mfiadini Karoli Lwanga alipochomwa moto mwaka 1886, enzi za Kabaka Mwanga. Mwaka 1964 Papa Paulo wa Sita aliwatangaza yeye na wenzake 21 kuwa watakatifu, na miaka mitano baadaye akaja mwenyewe Uganda kuhiji. Basilika ya hapo, aliyoisanifu Dahinden, ilifunguliwa mwaka 1975.

Ukiitazama kwa mbali unaiona akasiisira, kibanda cha jadi cha Waganda. Ukisogea, hakuna nyasi wala fito: ni shaba na nguzo ndefu zinazopanda zikiinamia katikati. Nilizunguka nikizihesabu, moja baada ya nyingine, hadi 22, idadi ya wafiadini wenyewe. Niliweka kiganja juu ya mojawapo. Jua lilikuwa kali, na shaba ilikuwa ya moto. Ukiziondoa nguzo hizo, paa halina pa kukaa na hadithi haina wa kuisimulia. Kwangu huo ndio usanifu uliokomaa.

Dahinden alizaliwa mwaka 1925, akasoma ETH Zürich, akafungua ofisi yake mwaka 1955. Mityana, magharibi mwa Kampala, alisanifu kanisa la vipande vitatu vya kuba, kwa ajili ya wafiadini watatu wa huko. Kisha mwaka 1974, Namugongo ikikaribia kufunguliwa, Chuo Kikuu cha Ufundi cha Vienna kikamfanya profesa. Alifundisha hadi mwaka 1995 huku akiendelea kusanifu.

Mfuatano huo unanigusa sana. Aliingia darasani akiwa ameshajenga ugenini, kwa watu wenye desturi zao na msiba wao, na alikuwa ametafuta umbo lake katika nyumba zao. Mwalimu wa namna hiyo ana cha kumwambia kijana aliyeinamia mchoro.

Alifariki mwaka 2020. Nanyi mnaosomea usanifu majengo Makerere, Nairobi na Ardhi, msingoje kumsoma vitabuni. Pandeni gari mwende Namugongo na daftari, mkae chini ya paa lile, mchore.