Mchezo na kuchezesha

"Acha mchezo!" Mwanafunzi huisikia kauli hiyo tangu siku ya kwanza darasani, kana kwamba mchezo na somo ni maji na moto. Lakini utazame mchezo wa mdako, unaochezwa chini ya miyombo ya Ugalla, mkoani Katavi, kama kwingineko nchini Tanzania. Kishimo kimejaa kokoto. Mtoto anarusha moja juu, anazoa nyingine nje ya shimo, anaidaka ile iliyo hewani. Akirusha tena, anazirudisha zote ila moja. Kumi kutoa moja, tisa. Tisa kutoa moja, nane. Hiyo ni hesabu ya kutoa, na imo viganjani mwake.

Kiswahili kina neno moja, mchezo, kwa furaha isiyo na kanuni na kwa bao lenye mashimo 32 na kete 64. Tofauti inajitokeza kwenye kitenzi: mtoto anacheza, refa anachezesha. Kuchezesha ndiyo kazi ya mwalimu: kuweka lengo na kanuni bila kuua furaha. Furaha ikifa, linabaki zoezi tu. Walimu wenzangu, watoto wanajua kucheza tayari. Tuwachezeshe.