Dau la Wood River: historia fupi ya magari ya wanafunzi yasiyokunywa petroli



Kuna dhana imeenea, hata kwa watu waliosoma, kwamba mashindano ya wanafunzi ya magari yanayokula mafuta kidogo yalizaliwa na shida ya mafuta ya 1973, au na haya mambo ya mazingira yaliyokuja baadaye. Sivyo. Yalianza kama dau la watu wa maabara, wakati petroli ilikuwa rahisi na hakuna mtu aliyekuwa akihangaika na hali ya hewa ya dunia.

Mwaka ni 1939. Mahali ni Wood River, jimbo la Illinois, Marekani, kwenye maabara ya utafiti ya Shell. Wanasayansi walibishana nani kati yao gari lake litakwenda mbali zaidi kwa kiasi kilekile cha mafuta. Wakapimana. Mshindi alipata kama maili 50 kwa galoni, yaani kilomita 21 hivi kwa lita. Siku hizi kuna magari ya dukani yanayofanya hivyo bila jasho, lakini kwa gari la wakati ule lilikuwa jambo la kustaajabisha.

Mchezo haukufa. Mwaka 1949, kwa Studebaker lililofanyiwa marekebisho, walikaribia maili 150 kwa galoni. Mwaka 1968 Fiat 600 lilivuka 244. Halafu mwaka 1973 likaja Opel la 1959, wakafika maili 376 na ushei, kilomita 160 kwa lita. Lakini Opel hilo tuliite gari kwa heshima tu. Lilikuwa limevuliwa karibu kila kitu, likabaki na injini, kiti cha dereva, na mnyororo wa kuzungusha gurudumu mfano wa baiskeli. Hapo ndipo walipogundua kwamba ukitaka kusonga mbele zaidi, gari la dukani halifai tena, lazima uunde lako kuanzia sifuri.

Na kuunda kuanzia sifuri ni kazi ya vijana wenye muda na wasio na familia! Marekani, jumuiya ya wahandisi wa magari (SAE) ilianzisha Supermileage mwaka 1980, wanafunzi wakipewa injini ndogo za Briggs & Stratton, jamii ya zile za kukatia majani. Japani, Honda wakaanzisha yao mwaka 1981. Shell nao wakalihamishia dau lao Ufaransa mwaka 1985, kwenye uwanja wa Paul Ricard huko Le Castellet, na hapo ndipo lilipopata sura ya Eco-marathon tunayoijua. Baadaye yakahamia Nogaro, kusini magharibi mwa Ufaransa, kisha Lausitz huko Ujerumani kuanzia 2009, Rotterdam kuanzia 2012 na London kuanzia 2016. Marekani yakafika 2007 na Asia 2010, uwanja wa Sepang, Malaysia.

Sasa nieleze kidogo magari yenyewe, maana hapa pana elimu. Wote tuliopanda mabasi na malori ya zamani nyumbani tunawakumbuka madereva waliokuwa wakifika kwenye mteremko wanatia fri, wengine wanazima injini kabisa, gari linaserereka lenyewe. Ilikuwa hatari, na wengi walipoteza maisha, lakini hesabu yake ilikuwa sahihi. Wanafunzi hawa wanafanya jambo lilelile kwenye uwanja wa tambarare. Injini inawashwa kwa muda mfupi, gari linashika mwendo, injini inazimwa, gari linaserereka mpaka mwendo unapungua, inawashwa tena. Sababu ni kwamba injini ya petroli ikifanya kazi nusunusu inapoteza mafuta mengi kwa joto. Ni bora ifanye kazi kwa nguvu yake kisha ilale.

Lakini kuserereka kunahitaji gari lisilozuiwa na kitu. Kwa hiyo vita yote iko kwenye mambo matatu: uzito, upepo na matairi. Gari la aina ya prototaipu lina magurudumu matatu, umbo la tone la maji, na dereva analala chali ndani yake, miguu mbele, kichwa kimeinuliwa kidogo tu aone njia. Sheria inamtaka aweze kutoka mwenyewe ndani ya sekunde 10. Mwendo wenyewe ni wa pole, kiasi cha kilomita 25 au 30 kwa saa. Mtu anayetarajia Formula One atasinzia. Mimi nilikwenda kuyaona London mwaka 2017 na kilichonishangaza zaidi ni ukimya: kigari kinapita mbele yako usikie mlio wa matairi tu, kama baiskeli.

Kilele cha hadithi hii, kwa maoni yangu, ni Juni 2005. Wanafunzi na watafiti wa ETH Zurich, Uswisi, walilileta gari lao PAC-Car II kwenye uwanja wa majaribio wa Michelin huko Ladoux, karibu na Clermont-Ferrand. Gari lilikuwa na uzito wa kama kilo 30, mwili wa nyuzi za kaboni, likitumia umeme unaotengenezwa humohumo kwa haidrojeni. Ukinzani wake wa hewa ulikuwa kama robo ya ule wa gari la kawaida. Matokeo: kilomita 5,385 kwa kila lita, haidrojeni ikigeuzwa kuwa sawa na petroli. Kwa ndege, Mombasa hadi Maskati hapafiki kilomita 4,000.

Hapa msomi inabidi asimame kidogo. Hakuna mtu aliyeendesha kilomita 5,385. Gari lilikwenda kilomita 21 hivi tu, likatumia kama gramu moja ya haidrojeni, ndipo nishati ile ikalinganishwa na iliyomo ndani ya lita moja ya petroli na umbali ukazidishwa. Ni hesabu halali, lakini magazeti yanapenda kuandika kana kwamba kuna mtu amezunguka dunia na kibuyu cha mafuta. Rekodi hiyo ya haidrojeni nayo imeshavunjwa: mwaka 2018 timu ya Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, ilipita kilomita 6,000 kwa lita kwa hesabu hiyohiyo.

Kuna timu nyingine ninayoihusudu kuliko hao wa Zurich, nayo si ya chuo kikuu. Ni Microjoule, ya shule ya La Joliverie karibu na Nantes, Ufaransa. Ni shule ya sekondari, jamani! Vijana hao kwa miaka mingi wamekuwa wakiwashinda wahandisi wa vyuo vikuu kwa injini ya kawaida ya kuchoma mafuta. Siri yao siyo fedha. Wanafunzi wanaondoka, lakini gari, karakana na walimu wanabaki, na kosa la mwaka jana linaandikwa ili la mwaka huu liwe jipya.

Hapo ndipo penye uchungu wetu sisi wa Afrika Mashariki. Mwaka 1986 Rais Moi alikiagiza Chuo Kikuu cha Nairobi kuunda gari, na mwaka 1990 Nyayo Pioneer likaonyeshwa, likiwa na uwezo wa kufika kilomita 120 kwa saa. Yaliundwa matano. Kiwanda kilichotarajiwa hakikupata fedha na mambo yakaishia hapo. Watu wengi hulitaja kama mzaha. Mimi sioni mzaha: watu waliojifunza kutengeneza injini na bodi kwa mikono yao walitawanyika, na kundi lililofuata likaanza na karatasi nyeupe.

Makerere wamefanya vizuri zaidi. Wanafunzi wao walishiriki katika mradi wa kimataifa wa gari la Vision 200, lililoonyeshwa Turin, Italia, mwaka 2008. Walirudi nyumbani na ujuzi ule, na Novemba 2011 Kiira EV, gari la umeme la watu wawili, likatembea Kampala. Mwaka 2016 likafuata basi la Kayoola lenye sola juu ya paa, na mradi ukawa shirika, Kiira Motors. Unaweza kubishana nao kuhusu gharama, lakini uzi haukukatika.

Na Shell je? Najua kuna watakaouliza, na wana haki. Mwaka 2014 timu ya Chuo Kikuu cha Lagos ilikwenda Rotterdam na gari lake. Hao ni vijana wa nchi ambayo Ken Saro-Wiwa alinyongwa Novemba 1995 baada ya kupigania ardhi ya Waogoni iliyoharibiwa na mafuta. Shell walikana kuhusika na kifo chake, na mwaka 2009 walilipa dola milioni 15.5 kumaliza kesi bila kukiri kosa. Kampuni hiyohiyo inawapa vijana uwanja wa kushindana kutotumia mafuta. Wapo wanaosema ni kujipaka manukato. Sikatai. Hata hivyo ningewaambia vijana waende, wachukue elimu, na macho yawe wazi, kwa sababu hesabu ya upepo na matairi haina mwenyewe.

Watu wa Zurich, mwaka 2007, walitoa kitabu kizima kueleza PAC-Car II lilivyoundwa, pamoja na vipimo vyake. Waliofanya kazi kwenye Nyayo Pioneer ni wazee sasa, na baadhi yao wako huku nje kama sisi. Mwenye kumjua mmoja wao na amwombe akae na kinasa sauti, aeleze silinda zile zilimiminwa wapi, kwa chuma gani, na nini kilipasuka kwanza.