Cartagena: Ukumbi wa Kirumi Chini ya Mtaa wa Wavuvi

Hadi mwaka 1988, wakazi wa Cartagena, mji wa bandari kusini mashariki mwa Hispania, hawakujua kwamba chini ya nyumba za mtaa wao wa zamani wa wavuvi kulikuwa na ukumbi wa maonyesho wa Kirumi. Kazi za kujenga kituo cha sanaa za mikono ndizo zilizoufichua. Ukumbi wa watu wapatao 6,000 ulikuwa umesahaulika kabisa, katikati ya mji unaokaliwa na watu.

Mji wenyewe ulianzishwa na watu waliotoka Afrika. Hasdrubal, jemadari wa Karthago, dola iliyokuwa na makao yake katika Tunisia ya leo, aliuasisi yapata mwaka 227 KK. Warumi wakiongozwa na Scipio waliuteka mwaka 209 KK, wakaurithi pamoja na migodi ya fedha ya vilima vya jirani.

Ukumbi ulijengwa kati ya mwaka 5 na 1 KK. Safu za viti vya katikati zilichongwa kwenye mwamba wa kilima. Jukwaa lilipambwa kwa nguzo za mawe ya rangi ya waridi, zenye vichwa vya marumaru nyeupe kutoka Carrara, Italia. Maandishi ya mawe yaliwataja Gaius na Lucius, wajukuu wa Kaisari Augusto aliowalea kama warithi wake. Kwa hiyo aliyekwenda kutazama mchezo alipokelewa kwanza na majina ya watawala wa kesho, na naamini hilo lilikusudiwa.

Vijana hao wawili walifariki kabla ya kurithi chochote. Jengo nalo lilibadilishiwa kazi. Katika karne ya 5 BK soko lilijengwa juu ya jukwaa kwa mawe yaleyale; baadaye ukaja mtaa wa Wabizanti, kisha nyumba za Waislamu. Wakristo walipouteka mji katika karne ya 13, kanisa la Santa María la Vieja lilisimamishwa juu ya viti vya nyuma. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1936 hadi 1939 vililiacha kanisa hilo gofu.

Makumbusho ya ukumbi huo, yaliyosanifiwa na Rafael Moneo, yalifunguliwa mwaka 2008. Mgeni huingilia karibu na bandari, hupanda ghorofa kwa ghorofa akipita kwenye vitu vilivyofukuliwa, hupita njia iliyo chini ya kanisa, kisha ghafla hutokea juani, mbele ya nusu duara lote la viti. Sijaona usanifu unaoheshimu historia kuliko huu, kwa kuwa unamlazimu mtu kuzipitia karne zilizoufunika ukumbi kabla ya kuufikia.

Hata hivyo, nyumba za wavuvi zilibomolewa ili mawe ya Augusto yaonekane, na maisha yao yalikuwa historia pia. Kanisa limeachwa mahali pake, likiwa bado limekalia sehemu ya viti. Naunga mkono uamuzi huo kwa moyo wote: kulivunja ili tupate safu chache zaidi za mawe kungekuwa kurudia hasara ileile.