Fizikia ya foleni: Momentamu, msukumo na migongano mpakani Busia na Malaba

MTU akisimama kando ya barabara mjini Malaba au Busia, upande wa Kenya, hangoji muda mrefu kabla ya kuona trela yenye shehena ikitambaa kwenye foleni kuelekea Uganda, na pikipiki au baiskeli ikipenya katikati ya trela hiyo na vibanda vya wachuuzi. Mwendesha pikipiki huliona lori likienda polepole kuliko mtu anayetembea kwa miguu, akadhani kwamba upole huo ndio usalama wake.

Fizikia haikubaliani naye. Sababu imo katika somo ambalo wanafunzi wa Kidato cha Tatu wamefundishwa kwa miaka mingi chini ya sheria za Newton, na ambalo wengi wao hulikariri kwa ajili ya mtihani kisha wakalisahau: momentamu.

Momentamu ni wingi wa mwendo ulio ndani ya kitu kinachosafiri. Hupatikana kwa kuzidisha tungamo la kitu hicho, ambalo hupimwa kwa kilogramu, na kasi yake, ambayo hupimwa kwa mita kwa sekunde. Isaac Newton, katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka wa 1687, aliiita kwa maneno hayo hayo, wingi wa mwendo.

Chukua baiskeli ya bodaboda. Usafiri huu ulianzia Busia katika miaka ya 1960, pale vijana walipoanza kuwabeba watu kwa baiskeli kutoka mpaka mmoja hadi mwingine huku wakinadi "boda boda". Baiskeli ya kilo 20, mwenye baiskeli wa kilo 65 na abiria wa kilo 65 ni kilo 150. Wakienda mita 4 kwa sekunde, yaani kilomita 14 hivi kwa saa, momentamu yao ni 600.

Sasa chukua trela ya tani 48 inayosogea nusu mita tu kila sekunde, mwendo ambao mtoto aliyeanza kutembea anaweza kuufuata. Momentamu yake ni 24,000, mara 40 ya ile ya baiskeli. Ili baiskeli hiyo iwe na wingi wa mwendo sawa na wa trela inayotambaa, ingelazimika kukimbia mita 160 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 570 kwa saa. Ndege nyingi ndogo hazifiki huko.

Na trela ya tani 48 si kubwa kupita zote. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari huruhusu gari lenye ekseli saba kufikisha tani 56.

Jambo la pili ambalo huwatatiza wanafunzi ni kwamba momentamu ina mwelekeo. Gari linaloelekea Uganda na gari la aina hiyo hiyo linalorudi Kenya kwa kasi ile ile hayana momentamu sawa. Moja likihesabiwa kuwa chanya, jingine ni hasi, na jumla yao ni sifuri. Mwanafunzi anayejilaumu kwa kusahau alama ya kutoa asikate tamaa: Mfaransa René Descartes, mmoja wa wanafikra wakubwa wa karne ya 17, alikosea papo hapo. Alihesabu wingi wa mwendo bila kujali mwelekeo, na kanuni zake za migongano zikaenda kombo. Ni Christiaan Huygens wa Uholanzi, pamoja na John Wallis na Christopher Wren wa Uingereza, waliozinyoosha kati ya mwaka wa 1668 na 1669.

Kanuni iliyotokana na kazi yao ndiyo nguzo ya somo zima. Vitu viwili vikigongana, na kama hakuna kani nyingine ya nje inayoviingilia, jumla ya momentamu kabla ya mgongano ni sawa na jumla yake baada ya mgongano. Msomaji mwenye shaka atauliza: je, breki na msuguano wa barabara si kani za nje? Ni za nje, lakini mgongano wa magari huchukua sehemu ndogo tu ya sekunde. Katika muda mfupi kiasi hicho msuguano wa tairi haupati nafasi ya kubadilisha mengi, na kwa hivyo hesabu hutoka karibu sawa na yaliyotokea barabarani.

Hesabu yenyewe ni hii. Trela ya kilo 50,000 inaelekea mpakani kwa mita 10 kwa sekunde, yaani kilomita 36 kwa saa. Pikipiki yenye watu wawili, jumla kilo 250, inatoka upande wa pili kwa kasi hiyo hiyo. Dereva anahama njia, na wanagongana ana kwa ana. Momentamu ya trela ni 500,000. Ya pikipiki ni 2,500 upande wa kinyume. Jumla ni 497,500. Zikinasana na kwenda pamoja, jumla hiyo hugawanywa kwa kilo 50,250, na kasi inayobaki ni mita 9.9 kwa sekunde, bado kuelekea mpakani.

Trela imepungukiwa na sehemu moja ya kumi ya mita kwa sekunde, badiliko ambalo dereva huenda asilihisi akiwa amekalia kiti chake. Pikipiki imetoka mita 10 kwa sekunde upande mmoja hadi mita 9.9 upande mwingine. Kasi yake imebadilika kwa karibu mita 20 kwa sekunde, sawa na kilomita 72 kwa saa, kufumba na kufumbua.

Hapa ndipo penye fumbo. Momentamu iliyopotezwa na trela na ile iliyobadilika kwa pikipiki ni sawa kabisa: 4,975 kwa kila upande. Kani ambayo trela iliisukumia pikipiki ndiyo kani ambayo pikipiki iliisukumia trela. Ndivyo inavyosema sheria ya tatu ya Newton, na haina ubaguzi kati ya mkubwa na mdogo. Tofauti iko katika kile ambacho kani hiyo moja humfanyia kila mmoja. Kani ni sawa, tungamo si sawa, na mwili wa binadamu hauumizwi na kasi bali na badiliko la ghafla la kasi.

Neno "ghafla" linatuingiza katika sehemu ya pili ya somo, ile ya msukumo. Msukumo ni kani ikizidishwa na muda ambao kani hiyo imefanya kazi, nao ni sawa na badiliko la momentamu. Maana yake ni kwamba badiliko lile lile laweza kupatikana kwa kani kubwa katika muda mfupi, au kwa kani ndogo katika muda mrefu.

Wapakuzi wa mizigo mpakani wanaijua kanuni hii ingawa hawaitaji kwa jina. Anayetupiwa gunia la mahindi kutoka juu ya lori hakazi miguu. Hulipokea kwa bega huku akikunja magoti na kushuka nalo kidogo. Gunia lilikuja na momentamu yake na lazima liipoteze. Kwa kushuka nalo, mpakuzi huongeza muda wa kuipoteza, na kani inayomwangukia uti wa mgongo hupungua. Mayai yanayovushwa kutoka Uganda nayo hupangwa katika trei za karatasi laini zenye vishimo, kwa sababu trei inayobonyea hulipa yai muda ambao ubao mgumu haungelipa.

Mwaka wa 2004, kanuni zilizoletwa na John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi wa Kenya, zilianza kutekelezwa na kuwalazimisha abiria wa matatu kufunga mikanda, huku magari yakiwekwa vidhibiti mwendo visivyozidi kilomita 80 kwa saa. Wapo waliolalamika kwamba mikanda ile ilichafua nguo. Hesabu ya msukumo haina habari na nguo. Abiria wa kilo 70 akisafiri kwa mita 20 kwa sekunde ana momentamu ya 1,400. Gari likigonga na kusimama, 1,400 hiyo yote lazima iondoke. Mkanda unaonyooka kidogo, pamoja na bodi ya gari inayojikunja, huweza kumsimamisha kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kani ya wastani ni nyutoni 14,000, karibu sawa na kulaliwa na tani moja na nusu. Ni maumivu, na huenda mbavu zikavunjika, lakini watu hupona. Asiyefunga mkanda huendelea mbele kwa kasi ile ile mpaka akutane na chuma. Akisimamishwa kwa sehemu moja ya mia ya sekunde, kani ni nyutoni 140,000, uzito wa tani 14.

Helmeti ya bodaboda hufanya kazi hiyo hiyo kwa njia finyu zaidi. Ganda lake la nje huonekana kuwa ndilo kinga, lakini mwokozi ni povu gumu lililo ndani, ambalo huwa na unene wa sentimita chache tu. Povu hilo likibonyea, kichwa hupata umbali mdogo wa kupunguzia kasi. Likishabonyea halirudi lilivyokuwa, na ndiyo maana helmeti iliyokwisha kuanguka katika ajali haifai kuvaliwa tena hata kama inang'aa. Isiyofungwa kidevuni hutoka kabla ya kichwa kufika chini.

Si kila mgongano huishia kwa vitu kunasana. Gololi mbili za ukubwa sawa zikigongana ana kwa ana, iliyokuwa ikienda husimama na iliyosimama huondoka na karibu kasi yote ya mwenzake. Wachezaji wa puli hulifahamu jambo hili vyema. Mgongano kama huo huitwa mnyumbufu: momentamu hubaki, na nishati ya mwendo pia hubaki.

Mfano wa upande wa pili uko kwenye reli ya Malaba. Kenya na Uganda hutumia reli ya zamani yenye upana wa mita moja, na behewa laweza kuvuka mpaka bila mzigo kuhamishwa. Mabehewa yanapopangwa, moja husukumwa likagonga jingine na kunasa. Tuseme behewa lenye mzigo, tani 40, linakuja kwa mita 1.5 kwa sekunde na kunasa behewa tupu la tani 15 lililosimama. Yataondoka pamoja kwa mita 1.09 kwa sekunde. Momentamu haikupotea hata chembe. Nishati ya mwendo ndiyo imepungua, kutoka jouli 45,000 hadi kama 32,700. Zaidi ya robo imekwenda katika ule mlio unaosikika mbali, katika joto na katika springi za viungio. Barabarani, nishati ya namna hiyo ndiyo inayokunja milango na kuvunja mifupa.

Kuna dhana moja inayostahili kusahihishwa. Husemwa kwamba lori zito husimama mbali kuliko gari dogo kwa sababu tu ya momentamu yake kubwa. Hilo ni nusu ya ukweli. Uzito ukiongezeka, tairi nazo huishika barabara kwa nguvu zaidi, na kama breki zingekuwa na uwezo usio na kikomo, tofauti ingekuwa ndogo. Lakini breki zina kikomo. Trela ya tani 50 ikienda mita 20 kwa sekunde ina momentamu milioni moja. Breki zinazotoa kani ya nyutoni 200,000 huisimamisha kwa sekunde 5, baada ya mita 50. Zikiwa zimechakaa au zimepata joto hadi zikatoa nusu ya kani hiyo, muda huwa sekunde 10 na umbali mita 100.

Malori ya mafuta yana shida yao ya ziada. Bomba la mafuta kutoka Mombasa huishia Eldoret na Kisumu, na kutoka huko mafuta yanayokwenda Uganda husafirishwa kwa malori kupitia Malaba na Busia. Dereva akikanyaga breki, tanki hupunguza kasi lakini mafuta yaliyomo huendelea na mwendo wake mpaka yagonge ukuta wa mbele. Lita 10,000 za dizeli ni zaidi ya tani 8 zinazotembea ndani ya gari. Tanki hugawanywa kwa kuta za ndani ili mafuta yasipate nafasi ya kukimbia, na tanki lililojaa ni tulivu kuliko lililojaa nusu.

Kisha kuna lori lililosimama, ambalo kwa hesabu ya momentamu ni sifuri. Foleni ya Malaba imewahi kunyooka makumi ya kilomita, kama ilivyokuwa mwaka wa 2020 wakati wa upimaji wa Covid-19, na usiku trela ya mwisho hubaki gizani. Matatu ya kilo 3,000 ikiigonga kwa mita 20 kwa sekunde, hata kama trela haikufunga breki, vyote viwili vitaondoka kwa mita 1.1 tu kwa sekunde. Kwa abiria, hiyo haina tofauti kubwa na kugonga ukuta.

Alama za kuakisi mwanga na pembetatu za onyo haziongezi kitu katika mgongano wenyewe. Huongeza muda kabla yake. Dereva anayekwenda mita 20 kwa sekunde akiiona trela ikiwa mita 30 mbele, hutumia kama sekunde moja kutambua na kukanyaga breki, na mita 20 zimekwisha. Kwenye lami kavu, gari lenye breki nzuri lingehitaji mita nyingine 28 hivi ili lisimame. Amebakiwa na 10, na hufika kwenye trela akiwa bado na kasi ya kilomita 58 kwa saa.