Walilaumu Herpesi, Kumbe Ni HPV

Wasee, huku kwetu Kericho kwa majani chai, saratani ya mlango wa kizazi hutajwa kwa kunong'ona. Kogo wangu, aliyechuma chai miaka mingi, anasema ni ya wanawake wanaotembea ovyo. Mimi chuo niliacha, lakini historia sijaacha, so skizeni.

Miaka ya 1960 na 1970, madaktari wengi waliamini mkosaji ni virusi vya herpesi. Mjerumani Harald zur Hausen akavitafuta ndani ya saratani yenyewe, akavikosa. Akasema tuangalie HPV, jamaa ya virusi vya chunjua. Wengi walimpinga. 1983 timu yake ikapata HPV 16, mwaka uliofuata HPV 18. Hizo mbili husababisha karibu asilimia 70 ya saratani hii. 2008 akapewa Nobel.

Sasa, HPV si alama ya umalaya. Wengi wetu tutaipata, hata ukiwa na mpenzi mmoja tu. Kawaida mwili huifukuza. Ikikwama, seli hubadilika polepole, mara nyingi kwa miaka 10 au zaidi. Nesi akipaka siki, palipobadilika hugeuka peupe, na panatibika mapema.

Kenya ilianza kuchanja wasichana wa miaka 10 mnamo Oktoba 2019. Sistangu mdogo ametimiza 10 na Kogo bado anasita. Simcheki. Hata maprofesa walikosea, ila wakakubali kubadilika. Wiki ijayo tunaenda kliniki: mdogo achanjwe, Mama apimwe. Na kwenu je?